Vidonge Si Dawa

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Daktari Kaijage, mkuu wa utafiti wetu, Mzee Masatu, msomaji wa slaidi aliyenifundisha kazi, Kabula, muuguzi aliyekuwa akiwauliza watu maswali, Shija, dereva, ambaye alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma na kofia usoni, lakini mhesabuni, maana alisikia kila kitu, katekista wa kigango, aliyetuazima jengo, Bibi Nyanzala, amempakata mjukuu wake mwenye homa, watu wa kijiji waliojaa mpaka mlangoni, na mimi, Veneranda, mwenye kidole.

Nawataja mapema kwa sababu kila mmoja wao ana namna yake ya kusimulia kisa hiki, na katika namna zote hizo mjinga ni mimi. Nimeona ni afadhali nikisimulie mwenyewe, ujinga wangu niupange ninavyopenda.

Ninyi mnaosomea maabara siku hizi mnafungua pakiti, mnatoboa kidole, mnadondosha damu, mnasubiri mistari. Kwenu kipimo cha haraka cha malaria ni kitu cha kawaida kama kiberiti. Wakati fulani, miaka ile ya tisini, kitu hicho kilikuwa mgeni hapa Mwanza, kikafikia kwetu, na mimi nilikuwa adui yake mkubwa.

Maabara niliingia kwa mlango wa nyuma, ndoo mkononi. Baba alifariki, mama akamfuata kabla hatujavuna mihogo ya msimu ule, nami nikiwa darasa la sita nikabaki na wadogo zangu watatu. Ukoo ulikaa kikao huko kwetu Majita, ukagawa watoto: huyu aende kwa shangazi, huyu kwa baba mdogo. Nilisimama katikati ya wazee nikasema hatugawanywi. Nilikuwa nimevaa sketi ya shule iliyopasuka nyuma, na nadhani walinikubalia ili nikae chini. Basi shule nikaiacha, tukaja mjini, tukapanga chumba Nyakato nyuma ya viwanda. Tangu hapo nikaitwa Dada Mkubwa na kila mtu, mpaka na watu walionizidi umri. Hata Daktari Kaijage, mwanamume mwenye mvi, aliniita Dada Mkubwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha slaidi, vile vipande vya kioo ambavyo damu hupakwa juu yake. Niliipenda, maana kuosha vyombo nilikuwa nakujua. Wiki ya kwanza nilikuta trei nzima imejaa slaidi chafu, zina damu, nikazisugua kwa sabuni mpaka zikang'aa, nikazipanga kwenye kitambaa cheupe na kusimama kando yake nikingoja sifa. Mzee Masatu akaingia. Akainua moja kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka. Akainua nyingine. Akaniuliza taratibu, bila hasira yoyote: "Binti, wagonjwa hawa umewaponya wote wewe mwenyewe?"

Zilikuwa hazijasomwa. Alitoka akaenda wodini kuwaomba watu radhi na damu nyingine, na mimi akanichukua nikambebee pamba, nione sura za watu waliotobolewa mara mbili kwa sababu ya usafi wangu.

Yule mzee aliona kwamba mtu anayeosha slaidi kwa bidii kiasi kile huenda akazisoma kwa bidii hiyohiyo, akaanza kunifundisha baada ya saa za kazi. Alikuwa Mjita mwenzangu, mwembamba, mwenye vidole vilivyokolea rangi ya zambarau tunayopaka damu ili vimelea waonekane, na hakuwahi kunipandishia sauti. Ilikuwa shida kubwa hiyo. Mtu akikufokea unaweza kumnunia. Masatu ukikosea alikuuliza swali, na swali lake ulilala nalo.

Nitawapa machache aliyonipa. Tone la kwanza la damu futa, tumia la pili. Toboa kidole cha kando, kisicholima wala kuvuta nyavu sana, na toboa pembeni mwa ncha, si katikati. Tone nene la damu kwenye slaidi usilikaushe kwa moto, litaiva kama ini. Funika slaidi zako, kwa sababu nzi wa ziwani wanapenda damu iliyokauka kuliko sukari. Hilo la nzi nilijifunza kwa gharama. Niliacha trei dirishani wazi, niliporudi na kutazama kwenye hadubini nikaona matundu ya duara makubwa, safi, nikakimbia kumwambia Mzee Masatu nimegundua ugonjwa mpya. Alitazama, akasema ni kweli, ugonjwa huo unaitwa nzi, nao umeshakula nusu ya mgonjwa.

Mara ya kwanza kuachiwa hadubini peke yangu, watu wote wa asubuhi ile walikuwa na malaria kali. Niliwaandikia bila huruma. Katika hao alikuwamo Mzee Masatu mwenyewe, aliyechomeka slaidi yake katikati ili anijaribu. Nilichokiona kilikuwa machicha ya rangi ambayo sikuyachuja. Kimelea wa kweli ana nukta nyekundu na mwili wa buluu, na anakaa kina kimoja na chembe nyeupe za damu. Uchafu unaelea juu yake. Asiyekuwa na nukta na mwili, vyote viwili, usimpe jina.

Na kwa upande wa majina nilikuwa na balaa langu la pekee. Sisi Wajita r na l ni mapacha wasiotofautishika. Siku moja niliandika slaidi ya Roza na slaidi ya Loza, nikasoma zote mbili kwa makini, nikatoa majibu kwamba Roza anayo malaria na Loza hana. Alikuwa mama mmoja, aliyekaa kwenye benchi moja, ameandikishwa mara mbili. Aliniuliza amtibu nani kati yao.

Lakini nilishika. Miaka ikapita, nikawa msomaji wa pili baada ya Masatu. Umeme ulipokatika, na wakati ule ulikatika kwa zamu mtaa kwa mtaa, tuligeuza kioo cha hadubini kwenye jua tukaendelea. Nilifikia mahali ambapo nikitazama slaidi nilijua kabla sijahesabu. Nilijivuna sana. Nyumbani niliwaambia wadogo zangu kwamba jicho langu la kulia ndilo linalowalisha, walione na heshima zao.

Hapo ndipo kijiti kilipokuja.

Kilikuja kwenye boksi, kutoka nje, kikiwa na karatasi ya maelezo ya Kiingereza iliyokunjwa mara nyingi. Unachukua damu tone moja, unaichanganya na maji yake, unachovya kijiti, unangoja. Mstari mmoja, huna malaria. Miwili, unayo. Hakihitaji umeme, wala jua, wala jicho la kulia la Veneranda. Daktari Kaijage alitukusanya akatueleza kwamba tutakipima kipimo chenyewe: kila mtu achukuliwe slaidi na kijiti, tulinganishe, tuone kama kinasema kweli. Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu mnyoofu, kwamba kikifaulu maabara haitahitaji wasomaji wawili. Pengine hata mmoja.

Vijana, mnapaswa kuelewa Nyakato ilikuwaje wakati ule. Viwanda vilikuwa vinabinafsishwa, na neno lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa kupunguzwa. Jirani yangu alipunguzwa, mume wa mwenye nyumba alipunguzwa. Wanaume waliokuwa wakitoka na saa ya king'ora walikaa barazani mchana wakicheza bao na kugombana. Maduka binafsi ya dawa yalifunguka kila kona, na vidonge vya klorokwini viliuzwa hata magulioni, juu ya meza moja na sabuni na betri. Mimi nilikuwa bado kibarua, sina barua ya ajira, na mdogo wangu Magesa yuko sekondari kwa ada yangu, na wawili nyuma yake wanamtazama. Nikipunguzwa mimi, kile kikao cha ukoo kilikuwa tayari kukaa tena.

Kwa hiyo nilitaka kijiti kishindwe. Siwafichi. Nilikiita Mzushi.

Sheria ya kazi ilikuwa kwamba anayesoma slaidi asijue kijiti kimesema nini. Kabula alisoma vijiti, mimi na Masatu tulisoma slaidi, Daktari akalinganisha jioni. Tulizunguka vijiji vya ufukweni kupita Igoma, na Kabula aliwauliza watu maswali kabla ya kuwatoboa: umri, siku za homa, na kama ametumia dawa yoyote ya malaria karibuni. Wazee aliwauliza kwa Kisukuma, kwa kuwa yeye ndiye Msukuma wetu. Wote walijibu hapana. Dawa? Hapana. Dawa? Hapana kabisa.

Na Mzushi akaanza kunifurahisha. Mtu baada ya mtu, slaidi tupu, kijiti mistari miwili. Damu safi kama maji ya mvua, na kijiti kinadai malaria. Jioni Daktari alipolinganisha alizidi kukunja uso, na mimi nilizidi kuimba nikiosha vyombo. Nilimwambia Mzee Masatu kwamba kijiti ni mwongo. Yeye alikuwa anafuta lenzi. Akasema: "Wewe una wadogo wa kusomesha. Kijiti hakina. Sasa kati yenu nani ana sababu ya kusema uongo?"

Nikalala na swali hilo, kama kawaida, ila safari hiyo nililala vizuri.

Sasa tufike siku yenyewe. Kijiji kile tulikuwa tunakirudia mara ya pili kwa sababu Daktari alitaka kuwatazama tena wale ambao majibu yao yaligongana. Mmoja alikuwa mjukuu wa Bibi Nyanzala. Wiki iliyotangulia Kabula alimwambia bibi kwamba kijiti kimeonyesha malaria, na mimi, ambaye sikutakiwa kusema neno, niliropoka kutoka kwenye hadubini yangu mlangoni kwamba hana kitu, damu yake ni safi. Bibi akarudi nyumbani na majibu mawili na mtoto mmoja.

Kwa kuwa shule ilikuwa na mitihani, katekista alitupa kigango safari zote mbili. Tukaweka meza chini ya msalaba na hadubini mlangoni kwenye jua. Nje dagaa walikuwa wameanikwa juu ya mawe, na harufu yao ilituingilia kama mwumini mwingine. Watu walikuja wengi, lakini hawakukaa foleni. Walikaa wakamtazama Bibi Nyanzala.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasema hana ugomvi na mtu. Ila homa ya mtoto haijaisha, na kabla hajatoa tena kidole cha mtu wa nyumbani kwake anataka kuona kitu. "Tafuteni mtu mzima asiyeumwa," alisema. "Mtoboeni hapa mbele yetu. Tuone hicho kijiti chenu kitamwambia nini."

Ningeweza kunyamaza. Shija, dereva, alikuwa mzima wa kutosha, amelala pale. Lakini mimi niliona mlango umefunguliwa. Mtu mzima, kijiti kinamzushia malaria mbele ya kijiji kizima na Daktari akiwepo: Mzushi angezikwa siku hiyohiyo. Nikanyanyuka, nikakunja mkono wa blauzi, ingawa kidole hakihitaji kukunja mkono wa blauzi, nikasema nitobolewe mimi.

Bibi akataka niulizwe maswali yote kama wanavyoulizwa wao. Kabula akakaa sawasawa, akaniuliza umri wangu kwa sauti, watu wakacheka kidogo. Akaniuliza kama nina homa. Sina. Kama nimetumia dawa yoyote ya malaria katika wiki chache zilizopita. Nikamtazama machoni nikasema hapana. Nilisema kwa fahari.

Akanitoboa. Mzee Masatu akachukua tone lake kwa ajili ya slaidi, akaenda nalo juani kulikausha, hakuna haraka. Kabula akachovya kijiti. Tukangoja. Mstari wa kwanza ukatoka. Watu walisogea. Kisha polepole, waridi, mwembamba lakini hauna shaka, ukatoka wa pili.

Nilifurahi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuambiwa ana malaria. Nikawaambia wote waone, mtu mzima huyu hapa, ametembea, amebeba masanduku, na kijiti kinamwita mgonjwa. Mzee Masatu akapaka rangi, akaosha, akakaa kwenye hadubini akitazama kwa muda mrefu, akasema slaidi ni tupu. Nikageuka kumtazama Daktari Kaijage kama mtu anayengoja kukabidhiwa kombe.

Bibi Nyanzala ndiye aliyesema. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopiga soga kisimani.

"Binti, wewe huwa hupati homa?"

"Napata, bibi. Nani hapati?"

"Mara ya mwisho lini?"

"Kama wiki mbili hivi zilizopita. Ilinishika vibaya, mpaka nikatetemeka."

"Pole. Ikaishaje?"

"Nilimeza vidonge."

"Vidonge gani?"

"Klorokwini. Vya dukani, Mkuyuni."

Kabula aliweka kalamu mezani. Nilimsikia akiiweka. Akaniambia, "Dada Mkubwa, si umesema hujatumia dawa?"

Na mimi, mbele ya Daktari, mbele ya msalaba, baada ya miaka yote ile ya maabara, nikamjibu kwa mshangao wa kweli: "Lakini vile si dawa. Ni vidonge."

Shija alianza kucheka chini ya kofia yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amelala. Kisha kigango kizima. Katekista alitoka nje. Nataka mjue pia kwamba duka lile la Mkuyuni lilikuwa limeandikwa DUKA LA DAWA juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, na mimi nilipita chini ya maandishi hayo nikaingia, nikatoka na vidonge. Na nataka mjue kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wagonjwa wasimeze kitu kabla ya kupimwa. Sikujipima. Nilikuwa na hadubini, rangi, na jicho la kulia, na nilikwenda dukani.

Kicheko kilipopungua Bibi Nyanzala akasema kwamba wao pia wamemeza. Mtoto huyu alimezeshwa siku chache kabla hatujaja mara ya kwanza, vidonge vya gulioni. Jirani yake alimeza. Karibu wote waliokuwa mle walimeza. Daktari akamwuliza, kwa heshima, kwa nini basi walisema hapana.

"Huyu binti wenu anauliza bugota," alisema, akimwonyesha Kabula, aliyekuwa akitafsiri dawa kwa neno hilo la Kisukuma. "Bugota ni mizizi, ni ya mganga. Unaniuliza ndani ya kanisa, katekista amesimama pale, kama nimekwenda kwa mganga. Wewe ungejibuje?"

Kabula, Msukuma wa Wasukuma, akainamisha kichwa mezani. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake mwenyewe anasema hivyohivyo, na kwetu Majita ni hivyohivyo. Dawa ni kile mama alichochemsha kwenye chungu akakiita kwa jina la ugonjwa. Cha dukani ni kidonge. Tulikuwa tumeulizana kwa lugha ya ofisini, tukajibiwa kwa lugha ya nyumbani, na mimi niliyetoka nyumba hiyohiyo sikusikia tofauti.

Daktari Kaijage alimchukua yule mtoto akampima upya, kichwa, kifua, akafika masikioni. Sikio la kushoto lilikuwa na usaha. Malaria ilikuwa imekwisha kwa vile vidonge. Kilichokuwa kikimchoma sasa ni sikio. Kama tungekiamini kijiti peke yake, tungempa klorokwini nyingine na kumrudisha nyumbani na sikio lake. Lishikeni hili, maana ndilo somo la siku ile: kijiti kile kilikuwa kinatuambia kwamba mgeni alifika. Hakikuweza kutuambia kama ameshaondoka. Alama ya kimelea hubaki kwenye damu baada ya kimelea mwenyewe kufa. Kwa hiyo hakikuwa kinazusha. Mzushi alikuwa na kidole kilichofungwa pamba.

Tulikuwa njiani kurudi, tumefika Igoma. Hapo Daktari akasema kazi yote ya wiki zile haina maana, kwa sababu hatujui nani alimeza nini. Ama tuanze upya vijiji vyote, swali lirekebishwe, watu watobolewe tena. Ama wafadhili waambiwe imeshindikana, na sisi sote twende nyumbani. Alisema watu waliokwisha tobolewa mara moja au mbili hawatakubali tena kwa kuombwa na daktari. Kisha akageuka kwenye kiti cha mbele akanitazama.

"Dada Mkubwa, wewe utawaomba. Wakikubali, kazi ipo na wewe umo. Wakikataa, hakuna kazi ya mtu."

Nilifika nyumbani nikamkuta Magesa anasoma kwenye mwanga wa koroboi, akaniuliza kidole kimefanya nini. Nikamwambia kimesema ukweli bila ruhusa yangu.

Jumapili ile, baada ya ibada, wakati wa matangazo, katekista alinipa nafasi. Nilikuwa nimepanga hotuba yenye neno utafiti na neno maendeleo. Niliposimama, mtoto mmoja mstari wa mbele akanong'ona vidonge, na hotuba yote ikanitoka. Basi nikawasimulia tu. Nikawaambia niliulizwa nikasema hapana, na nilikuwa najua kusoma. Nikawasimulia slaidi nilizoziosha, nzi, Roza na Loza. Nikawaambia swali letu lilikuwa bovu, na kwamba kidole cha pili tunachoomba ni kwa kosa letu, si lao. Na nikawaambia, kwa kuwa walikuwa wameshanicheka vya kutosha, kwamba wakikataa mimi nitapunguzwa na wadogo zangu watapelekwa kwa shangazi.

Mtu mmoja nyuma akauliza kama wakikubali nitawaoshea na vyombo pia. Kisha Bibi Nyanzala akasimama, akaja mbele, akanyoosha mkono wake.

Alisema ana sharti. Watu wenye magari huja wanachukua damu, wanaondoka, na damu haileti habari. Safari hii anataka majibu. Hataki majibu ya kidole chake. Anataka majibu ya kijiti. Kinaaminika lini, hakiaminiki lini, ili siku nyingine mtoto akiwa na homa na watu wawili wakisema tofauti, ajue amsikilize nani. "Uje wewe," alisema. "Usimtume mtu."

Nikasema nitakuja mwenyewe.

Walikubali wote, kijiji kile na vingine, maana kisa cha vidonge kilitutangulia ufukweni mpaka nikawa nashuka kwenye gari nikiitwa kwa jina hilo. Kabula aliacha neno dawa akawa anauliza umemeza nini, umekunywa nini, umejipaka nini, akitaja na magulio. Na majibu yakanyooka. Kijiti kilionekana ni kizuri kwa mtu mwenye homa ambaye hajameza kitu, mahali pasipo na hadubini. Aliyekwisha meza, huyo anahitaji slaidi na jicho la mtu. Kwa hiyo wasomaji tulibaki wote wawili, na mimi nikapata barua ya ajira. Magesa alimaliza. Wawili waliobaki walimaliza. Hakuna aliyepelekwa kwa shangazi. Yote hayo yalitoka kwenye ncha za vidole vya watu wale, mara ya pili.

Na majibu? Mwanzoni nilingoja ripoti iandikwe. Ilipoandikwa ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, nikangoja Daktari anieleze. Aliponieleza, utafiti ulikuwa umekwisha na gari limerudishwa. Nikangoja likizo. Likizo ikaja na harusi ya Nyanjura, mdogo wangu. Kisha nikaanza kuona aibu kwamba nimechelewa, na ninyi mnajua aibu ya kuchelewa inavyofanya: inakuchelewesha zaidi.

Baada ya miaka kadhaa nilimkuta Bibi Nyanzala sokoni Igoma, anauza dagaa. Nikamwamkia. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza majibu yako wapi. Nikachuchumaa palepale nikaanza kumweleza, kwamba mtu akiwa hajameza kitu, akanikatiza kwa kiganja.

"Si hapa," alisema. "Ulichukua mbele ya watu. Lete mbele ya watu."

Kisha akanipimia dagaa niliowataka, akatia na konzi ya nyongeza. Akasema nile vizuri, nisije nikafa kabla sijafika.

Nimestaafu sasa. Mzee Masatu hayupo tena, Kabula yuko kwao, na vijiti vipya vimeboreshwa na viko mpaka zahanati za vijijini, na ninyi mnavisoma bila kujua ni vidole vya nani vilivyofundisha kuvisoma. Mwaka huu mtu wa kule aliniambia Bibi Nyanzala bado yupo, haoni vizuri, lakini akisikia gari linasimama karibu na kigango huuliza ni nani. Majibu yenyewe ni maneno machache, hayawezi kuchelewesha watu baada ya ibada. Nimeyasema kichwani mara nyingi mpaka yamelainika. Kutoka hapa Nyakato mpaka kule si mbali. Bado sijaenda.